Benki ilisema 38,900, sisi tukaomba 30,000

Usiku ule watoto walikuwa wameshalala. Mume wangu alikuwa ameinamia simu, kimya, muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akanigeuzia kioo. Kikokotoo cha benki kilikuwa kimemuuliza mambo matatu tu: mnaingiza kiasi gani kwa mwezi, mna umri gani, mnataka kulipa kwa miaka mingapi. Alipojaza, kikamletea namba moja kubwa ya kijani.

"Mama, kumbe tunakopesheka," akasema.

Neno lile lilinikaa moyoni usiku kucha. Tulikuwa wapangaji tangu tuoane. Tumehama mara nne, na kila mara tukiacha rangi tuliyopaka wenyewe na mabomba tuliyotengeneza kwa fedha zetu. Kuambiwa kuna mtu yuko tayari kutukopesha nyumba, hata kama mtu huyo ni tovuti, ni furaha ambayo sikutaka kuipima haraka. Nilijua nitaipima tu, lakini nilijipa hadi asubuhi.

Kabla sijaendelea, sitataja sarafu wala nchi. Nimezigeuza hesabu zetu zote ili kipato chetu cha mwezi, mshahara wangu na wake baada ya makato, kiwe 1,000. Uwiano umebaki uleule. Kama kipato chenu ni mara elfu tatu ya hapo, zidisha kila namba hapa chini kwa elfu tatu na utapata ya kwenu. Kwa kipimo hicho, namba ya kijani ilikuwa 38,900.

Asubuhi nilichukua daftari nitafute imetoka wapi. Benki huanza na swali moja: katika kila mia inayoingia, ngapi zinaweza kwenda kwenye madeni bila mteja kukwama? Benki ile ilikuwa imeweka 35. Kwingine utakuta 30, kwingine 40 na zaidi. Marekani kuna kanuni ya siku nyingi inayoitwa ya 28 na 36: gharama za nyumba zisizidi asilimia 28 ya kipato, na madeni yote kwa pamoja yasizidi 36. Lakini kule huhesabu kwa kipato ghafi, kabla ya kodi. Ndiyo maana ukisikia mtu anataja asilimia, muulize kwanza ni asilimia ya nini. Asilimia 35 ya mshahara ghafi na asilimia 35 ya kinachofika mkononi ni maisha mawili tofauti.

Asilimia 35 ya 1,000 ni 350. Hilo ndilo rejesho kubwa kuliko yote ambalo benki ingelikubali. Hapo watu wengi hukosea, nami nilikosea: nilizidisha 350 kwa miezi 240, yaani miaka 20, nikapata 84,000, nikashangaa kwa nini benki imesema 38,900. Ile 84,000 ni jumla ya fedha zitakazotoka mifukoni mwetu. Mkopo wenyewe ni sehemu yake tu, na nyingine yote, zaidi ya 45,000, ni riba.

Namna rahisi ya kugeuza rejesho kuwa mkopo ni kujua kila 1,000 unayokopa inalipiwa kiasi gani kwa mwezi. Kwa miaka 20, riba ikiwa asilimia 6 kwa mwaka, kila 1,000 inalipiwa 7.16. Riba ikiwa 9, inalipiwa karibu 9 kamili, kwa hiyo haisahauliki. Ikiwa 12, ni 11.01. Ikiwa 15, ni 13.17. Chukua rejesho unaloweza, ligawe kwa namba hiyo, zidisha kwa 1,000. Riba tuliyotajiwa ilikuwa 9, kwa hiyo 350 gawanya kwa 9 ni 38.9, na hapo ndipo ilipotoka 38,900. Mwenye kompyuta aandike kwenye Excel =PV(0.09/12,240,-350) na atapata jibu hilohilo. Siku nilipoliona likitokea kwenye daftari langu mwenyewe, namba ya kijani ilipoteza uchawi wake. Ilikuwa hesabu ya kugawanya.

Nikaendelea mbele kidogo, na hapo moyo ukaanza kuwa mzito. Mwezi wa kwanza, riba ya 38,900 kwa asilimia 0.75, yaani 9 ya mwaka gawanya kwa miezi 12, ni 292. Katika rejesho la 350, zinazopunguza deni ni 58 tu. Mwezi wa pili riba inashuka kidogo sana, deni linapungua kidogo zaidi, na mambo yanakwenda hivyo kwa mwendo wa kinyonga. Baada ya miaka mitano tungekuwa tumelipa 21,000, na bado tungedaiwa 34,500. Hakuna udanganyifu hapo, ndivyo mkopo wa muda mrefu unavyofanya kazi. Lakini anayefikiri atauza baada ya miaka minne au mitano lazima aione hesabu hiyo kabla hajasaini, kwa sababu anachokimiliki wakati huo ni kidogo kuliko anavyodhani.

Hii yote ni kwa riba inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Wapo wakopeshaji wanaohesabu riba kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Wote wawili watakuambia "asilimia 9." Kwa njia ya pili, mkopo wa 38,900 kwa miaka 20 ungekuwa na rejesho la 454 badala ya 350, sawa na kukopa kwa karibu asilimia 13 kwa njia ya kwanza. Usiulize riba tu. Uliza: kwa kiasi hiki, kwa miaka hii, nitalipa ngapi kila mwezi, na jumla yake ni ngapi? Swali hilo linafaa hata kwa wanaotumia murabaha, ambako benki hununua nyumba na kukuuzia kwa faida iliyokubaliwa badala ya kutoza riba. Jina na mkataba ni tofauti, lakini kitakachotoka kwenye mshahara wako kila mwezi kinapimwa vilevile.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa afisa mikopo. Alikuwa kijana mstaarabu, asiye na haraka. Alitaka slipu za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki ya miezi sita, na ruhusa ya kuangalia historia yetu ya mikopo. Mshahara wangu wa msingi aliuchukua wote. Malipo ya muda wa ziada ya mume wangu aliyachukua nusu, na bahati nzuri ni nusu hiyo tu tuliyokuwa tumeijaza kwenye kikokotoo. "Kaka, haya yanaweza kukoma mwezi wowote, na mkopo haukomi," akamwambia. Sikupenda, ila nilimwelewa. Wenye biashara zao huwa na safari ndefu zaidi: benki hutaka hesabu za miaka miwili au mitatu, huchukua faida na si mauzo, na mara nyingi huchukua wastani, au mwaka uliokuwa mbaya. Mtu aliyekuwa anaandika faida ndogo ili alipe kodi ndogo hukutana na maandishi yake mwenyewe siku hiyo.

Kisha akauliza kuhusu gari. Tulikuwa na mkopo wa gari, 80 kwa mwezi, umebaki miezi 14. Kikokotoo hakikuuliza hilo. Afisa akatoa 80 kwenye 350, ikabaki 270, na 270 ni mkopo wa 30,000. Akaigeuza kompyuta tuone. Rejesho dogo la gari, ambalo tulishalizoea kiasi cha kulisahau, lilikuwa limekata karibu 8,900 ya nyumba.

Nimelitafakari hilo mara nyingi tangu siku ile. Deni la gari lililobaki halikufika 1,120, lakini kwa kuwa benki hutazama rejesho la mwezi na si ukubwa wa deni, lilitunyima karibu mara nane yake. Kwa riba ya 9 na miaka 20, kila moja unayolipa kwa mwezi kwenye deni jingine inaondoa 111 kwenye mkopo wa nyumba. Mkopo wa simu unaokatwa 10 kila mwezi unaondoa 1,110. Mwenye nia ya kukopa nyumba mwakani aanze kuyatazama madeni yake madogo leo. Hiyo ndiyo kazi yenye malipo makubwa kuliko kutafuta benki yenye riba pungufu kwa nusu asilimia.

Mume wangu akapata wazo palepale: tuchukue akiba, tulimalize deni la gari, turudi kwenye 38,900. Lilionekana wazo zuri kabisa. Ikabidi tulipitishe kwenye ukuta wa pili.

Ukuta wa kwanza ni kipato. Wa pili ni akiba, na kikokotoo cha tovuti hakikuugusa kabisa. Benki haikopeshi thamani yote ya nyumba. Ile yetu ilikuwa inatoa hadi asilimia 90, na zile 10 ni malipo ya awali ya mnunuzi. Na asilimia 90 hiyo ni ya ipi kati ya mbili, bei mliyokubaliana na muuzaji au thamani atakayoandika mthamini? Ni ile iliyo ndogo. Mthamini akiandika chini ya bei, tofauti yote unaijaza wewe. Juu ya hapo kuna gharama za kununua: wakili, usajili, ushuru, mthamini, ada ya kushughulikia mkopo, bima. Kwetu zilikaribia asilimia 5 ya bei. Fedha hizi hazikopeshwi, zinatoka mfukoni siku hizohizo.

Akiba yetu ilikuwa 6,000. Asilimia 10 ya malipo ya awali na 5 ya gharama ni 15. Kwa hiyo akiba ya 6,000 inafikia nyumba ya 40,000 na mkopo wa 36,000. Kipato kilitufikisha 30,000, akiba ingetufikisha 36,000, kwa hiyo ukuta uliokuwa karibu ulikuwa kipato. Lakini tukitoa 1,100 tukalipe gari, akiba inabaki 4,900, nayo inafikia nyumba ya 32,700 na mkopo wa 29,400. Kipato kimetufungulia mlango wa 38,900 na akiba imeufunga kwenye 29,400. Tungelipa deni na kuishia na nyumba ndogo zaidi!

Na kama benki ingetaka asilimia 20 badala ya 10, akiba yetu ya 6,000 yote ingefikia nyumba ya 24,000 tu, mkopo 19,200, hata mshahara wetu ungekuwa mkubwa namna gani. Wengi wanaokataliwa hudhani wamekataliwa kwa sababu ya kipato. Fanya hesabu zote mbili, na iliyo ndogo ndiyo yako. Ukijua ni ukuta gani uko karibu, unajua pia cha kufanya: ukiwa ni kipato, punguza madeni, ukiwa ni akiba, weka akiba na usiguse kitu kingine.

Jibu letu likawa moja: kusubiri. Miezi 14, gari liishe lenyewe, akiba iongezeke. Nitasema ukweli kwamba niliposikia neno kusubiri nililia kidogo nilipofika nyumbani.

Ila kabla ya hapo afisa alituonesha njia ya mkato, nami nataka niieleze kwa sababu itawekwa mbele ya kila mtu: ongezeni miaka. Kwa rejesho lilelile la 270, miaka 20 inatoa 30,000, miaka 25 inatoa 32,200, miaka 30 inatoa 33,600. Tazama namba hizo vizuri. Miaka kumi ya ziada ya kulipa inaongeza mkopo kwa takriban 3,600 tu, ilhali marejesho yenyewe yanapanda kutoka jumla ya 64,800 hadi 97,200. Yaani 32,400 za ziada kwa ajili ya 3,600. Riba ikiwa kubwa, miaka mingi hainunui nyumba kubwa. Riba ikiwa ndogo mambo hubadilika, lakini kwa asilimia 9 sikuona sababu. Umri nao una lake: benki nyingi hutaka mkopo uishe kabla ya kustaafu, kwa hiyo mwenye miaka 45 anayestaafu akiwa na 60 hana miaka 20. Ana 15, na rejesho la 270 kwake ni mkopo wa 26,600.

Jambo lililonifanya nikose usingizi, hata hivyo, lilikuwa riba yenyewe. Mkataba ulisema inaweza kubadilika. Nilirudi kwenye daftari: mkopo wa 30,000 kwa asilimia 9 ni rejesho la 270. Ikipanda hadi 11, ni 310. Ikifika 12, ni 330. Pointi mbili zinasikika ndogo mtu akizitamka, lakini ni nyongeza ya asilimia 15 kwenye rejesho, bila mshahara kuongezeka.

Na riba hupanda kweli. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1 hadi Desemba 2021, na Agosti 2023 ilikuwa imefika 5.25. Waliokuwa na mikopo inayofuata riba hiyo walilipa tofauti hiyo mwezi baada ya mwezi. Kanada ilikuwa imeliona jambo hili mapema: tangu Januari 2018, mkopaji wa nyumba kule ambaye mkopo wake hauna bima hupimwa na benki kwa riba iliyo juu ya ile atakayolipa, angalau pointi mbili zaidi, hata kama amepata mkopo wa bei nafuu. Akishindwa kwa riba hiyo ya kufikirika, hapati. Wapo wanaolalamika kwamba kipimo hicho kinawazuia vijana kununua, na nawaelewa. Mimi naona ni wema. Kama benki yako haikupimi hivyo, jipime mwenyewe.

Kuna nchi ambazo hupima kwa njia nyingine, kwa mara za kipato cha mwaka. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilielekeza kwamba mikopo ya nyumba inayofika mara 4.5 ya kipato isizidi asilimia 15 ya mikopo mipya. Ireland iliweka mara 3.5 mwaka 2015, kisha kuanzia Januari 2023 ikaruhusu mara 4 kwa wanunuzi wa mara ya kwanza. Kanuni za namna hii ni rahisi kukumbuka, na zinasaidia kuzuia wazimu soko linapopanda. Ila usizibebe kutoka nchi moja kwenda nyingine kama mzigo wa nguo. Mara 4 ya mshahara katika nchi yenye riba ya asilimia 3 ni jambo moja, na katika nchi yenye riba ya 12 ni mtego. Rejesho letu la 270, ambalo kwa riba ya 9 linanunua 30,000, kwa riba ya 3 lingenunua 48,700.

Nalazimika kutaja sarafu kidogo, ingawa niliahidi kutozitaja. Benki moja ilitupendekezea mkopo wa fedha za kigeni, riba ikiwa chini sana. Mishahara yetu si ya fedha za kigeni. Poland na Hungary familia nyingi zilikopa nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa sababu hiyohiyo ya riba ndogo. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, nayo ikaruka siku hiyohiyo. Wenye mikopo ya faranga kule Poland waliamka na deni kubwa zaidi bila kukopa hata senti. Tulishukuru, tukaaga.

Basi tukasubiri, lakini sikutaka kusubiri tukiwa tumekaa. Nilitaka kujua jambo ambalo hakuna kikokotoo kinaweza kuniambia: benki inasema tunaweza kulipa 350 kwa mwezi. Je, sisi tunaweza?

Kwa hiyo tukaanza kulipia nyumba ambayo hatujainunua. Kodi ya nyumba tuliyopanga ilikuwa 180 na gari 80, jumla 260. Kuwa na mkopo wa 38,900 kungekuwa rejesho la 350 na takriban 60 za kuitunza nyumba, maana anayemiliki ndiye anayelipa bima, kodi ya jengo, na fundi paa linapovuja. Kwa matengenezo pekee wengi hutenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka. Jumla ni 410. Tofauti ya 410 na 260 ni 150. Kila siku ya mshahara, kabla ya kununua chochote, tungehamisha 150 kwenye akaunti nyingine, na tuishi na kilichobaki kama vile benki imeshakata.

Miezi mitatu ya kwanza tuliweza. Tulibana, tukaongea sana juu ya fedha, pengine kuliko miaka yote ya ndoa yetu. Mwezi wa nne ada ya shule na ugonjwa wa baba mkwe vikagongana. Tukaweka 40. Mwezi wa tano 70. Mwezi wa sita tukarudi kwenye 150, na wa saba tukashindwa kabisa, sifuri, kwa sababu muda wa ziada wa mume wangu ulisimamishwa kazini. Nusu ile ambayo afisa aliikataa ilikuwa imekoma kweli, na haikurudi hadi baada ya miezi miwili.

Mume wangu alikasirika. Aliona tumeshindwa mtihani. "Tungekuwa na mkopo tayari, mwezi huu tungesema nini?" akaniuliza. Nilimwambia ndiyo sababu tunafanya hivi sasa, wakati mwezi wa sifuri haututoi nje ya nyumba. Hatukukubaliana usiku ule. Tulikubaliana polepole, kadiri namba zilivyojipanga kwenye daftari moja chini ya nyingine, na kila moja ikiwa na sababu yake pembeni: ada, hospitali, tairi, msiba, harusi ya mdogo wake. Hakuna hata moja iliyokuwa ya anasa. Hicho ndicho kilichonifungua macho. Kwenye fomu ya benki kuna nafasi ya kuandika matumizi ya mwezi, nasi tuliijaza kwa uaminifu, lakini tuliandika mwezi wa kawaida. Katika miezi 14, ya kawaida ilikuwa minane.

Mwisho wa miezi hiyo tulikuwa tumeweka 1,450, badala ya 2,100. Kwa wastani ni 104 kwa mwezi. Jumlisha na 260 tulizokuwa tunalipa tayari: 364. Hiyo ndiyo namba yetu. Haikutoka kwenye asilimia 35 wala 28 ya mtu yeyote. Tuliishi nayo mwaka na miezi miwili, na magonjwa na misiba yake ndani.

Kutoka hapo hesabu ilikuwa fupi. Ukichukua mkopo wa 30,000, rejesho ni 270 na matunzo ya nyumba ndogo kidogo ni kama 50: jumla 320. Riba ikipanda hadi 11, ni 310 na 50: 360. Inaingia ndani ya 364, kwa kubana, lakini inaingia. Mkopo wa 38,900 unaanzia 410 kabla riba haijasogea popote.

Akiba sasa ilikuwa 7,450. Tulitafuta nyumba ya 34,000, vyumba vitatu badala ya vinne tulivyoota, mbali zaidi na barabara kuu. Malipo ya awali 4,000, gharama 1,700, ikabaki 1,750 ambayo tulikubaliana haiguswi. Inatosha marejesho ya miezi sita na zaidi kidogo, kama mmoja wetu atakosa kazi. Kwa macho ya benki fedha hizo zimekaa bure, na zingeweza kuongeza chumba. Mimi kila nikizikumbuka nalala.

Tulirudi kwa afisa yuleyule. Deni la gari lilikuwa limeisha, na historia yetu ilikuwa safi. Akaingiza taarifa, akatabasamu, akatuonesha ile namba ya kijani tuliyoiona usiku ule kwenye simu.

"Dada, mfumo unawakubali mpaka 38,900. Mna uhakika mnataka 30,000? Kuongeza baadaye ni kuanza upya, na ada zake."

Mume wangu hakujibu. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa miezi 14, akalisukuma mezani. Yule kijana alilisoma lote, mstari kwa mstari, kwa kidole. Alipofika kwenye mwezi wa sifuri akanyanyua macho, akatutazama, akarudi kusoma hadi mwisho. Kisha akafuta 38,900, akaandika 30,000, akageuza kompyuta upande wetu ili tuhakiki.